Kula kwa Niaba ya Kaka

Kilichonipita ni mkono wa kaka yangu. Kwa miezi kadhaa nilikagua kila kilichoingia kinywani mwangu kwa umakini wa mtu anayesahihisha mitihani: nilipima wali kwa kikombe, niliengua mafuta juu ya supu, nilisoma maandishi madogo ya makopo dukani hadi muuzaji akaniuliza kama nimetumwa na serikali. Lakini mkono ule, uliokuwa ukinisogezea sahani mchana kweupe, sikuuona.

Figo za kaka zilikuwa zimechoka kabisa. Yeye ni fundi wa makochi, na mara tatu kwa wiki ilimbidi aiache karakana aende kulala kando ya mashine ya hospitali inayosafisha damu. Walipopimwa ndugu waliokubali kumtolea figo moja, vipimo vyangu mimi, mdogo wake wa kike, ndivyo vilivyolingana na vyake. Furaha yangu ilidumu kwa urefu wa ujia unaotoka maabara hadi chumba cha daktari.

"Figo zako ni nzuri," daktari alisema. "Ila kwa uzito huu sithubutu kukupasua. Nitajikuta na wagonjwa wawili badala ya mmoja. Punguza kwanza, ndipo jopo letu la upandikizaji litakaa kukujadili."

"Nipunguze kwa njia gani?"

"Njia yoyote iliyo salama, na utakayoiweza."

Jibu hilo lilinikera. Nafundisha jiografia chuoni, hususan elimu ya hali ya hewa, na nimezoea kuamini kwamba kila swali lina njia yake, na njia ikiwa sahihi jibu halina budi kuja. Nilirudi nyumbani nikasoma. Kwanza niliacha wanga: sikugusa ugali, wali wala mkate, na kichwa kiliniuma hadi nikawafokea wanafunzi kwa kosa la kukohoa. Uzito ulishuka kidogo, kisha ukapanda. Nikahamia kwenye kula kwa saa: adhuhuri hadi magharibi, na nje ya hapo maji matupu. Nilitembea chumbani nikiitazama saa ya ukutani kama mtu anayesubiri gari lisilofika. Halafu ikaja supu ya mboga, asubuhi na jioni, hadi harufu ya kabichi ikaingia kwenye mapazia. Nilikuwa nikibadilisha njia kama asiyepata usingizi anavyogeuza mto. Hakuna iliyokaa muda wa kutosha kunifaa wala kunishinda.

Wifi yangu, mke wa kaka, alipata burudani ya bure.

"Wifi, leo tuko madhehebu gani?" alinidhihaki nilipoingia jikoni kwake. "Juzi wanga ulikuwa haramu. Jana ulikuwa unakula kwa saa. Kesho utaniambia unakula ukiwa umesimama kwa mguu mmoja."

"Cheka tu. Mumeo ndiye anayengoja."

Hapo aliacha kucheka, akageukia sufuria. Sote wawili tulikuwa tumeona jinsi kaka alivyokuwa akipanda ngazi tatu za mlangoni kwake: moja, kisha anashika ukuta, ya pili, kisha anajifanya anatafuta ufunguo.

Siku za mashine nilimpeleka mimi, kwa sababu ratiba ya chuo iliniruhusu. Alipotoka, uso ukiwa na rangi ya majivu na mkono umefungwa bendeji, tulivuka barabara tukaingia mkahawa uliotazamana na lango la hospitali. Kaka alikatazwa karibu kila alichokipenda: viazi, maharage, parachichi, ndizi, juisi ya machungwa. Vyote vina madini ambayo figo nzima huyaondoa bila mwenyewe kujua, na ambayo kwake yangeweza kuusimamisha moyo. Kwa hiyo aliagiza, nami nikala.

"Lete viazi vya kukaanga, sahani kubwa, na maharage," alimwambia mhudumu. "Na juisi. Dada yangu hapa ana njaa ya wasomi."

Kisha aliegemea kiti. "Haya, Profesa wa Mawingu. Nje vimekauka?"

"Vimekauka."

"Ndani je? Usimeze haraka, niambie kwanza."

"Laini. Chumvi imezidi kidogo."

"Ndivyo vinavyotakiwa!" Alifumba macho. "Sasa chovya kwenye maharage. Bado kile cha pembeni, kile kilichoungua. Hicho ndicho changu."

Nilikula hicho cha pembeni. Nilikula hadi sahani ikawa nyeupe, nikimsimulia kila tonge, na kila nilipotaka kuacha aliisogeza mbele yangu kwa vidole viwili, taratibu. Ningewezaje kumnyima? Mtu aliyelazwa kwenye mashine nusu siku, ambaye kiu yake yenyewe ilikuwa inapimwa kwa vijiko, alikuwa akiniomba nimkopeshe ulimi. Na kwa kuwa nilikula kwa niaba yake, chakula kile sikukihesabu kuwa changu, kama vile anayemshikia mwenzake mkoba asivyodhani kwamba ameongeza mali.

Siku moja, kabla ya kaka kuingia kwenye mashine, muuguzi alinipandisha kwenye mzani. Nilikuwa nimezidi uzito wa siku ya kwanza. Kaka, aliyekuwa akisubiri mlangoni, alitoa kicheko kifupi, na mchana ule mkahawani aliniagizia bilauri ya pili ya juisi. Nilidhani ananifariji.

Daktari hakufurahi. "Jopo likae kuzungumza nini?" aliuliza, akanipeleka kwa mshauri wa lishe, mwanamke mwenye sauti ya chini ambaye hakuwa na haraka hata kidogo, jambo lililonitia wasiwasi zaidi.

"Achana na njia zako kwa sasa," alisema. "Nisimulie tu jana, tangu ulipoamka."

Nilimsimulia. Chai bila sukari. Yai moja. Jioni, supu.

"Na katikati?"

"Katikati nilimpeleka kaka kusafishwa damu, tukapita mkahawani, nikarudi."

"Mkahawani mlikula nini?"

"Mimi sikula. Kaka ndiye..." Kaka alikatazwa viazi. Kaka hakuwa amekula chochote. Kwa mara ya kwanza nikauona mkono: vidole viwili, sahani, kicheko cha pale mlangoni.

Sikungoja hata kesho. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja karakanani, nikitembea kwa kasi iliyonifanya nigongane na watu. Kaka alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi lililovuliwa kitambaa, spongi nje, misumari midogo kaibana midomoni kama kawaida ya mafundi wa kazi ile. Alitoa mmoja mmoja na kuupigilia.

"Kaka, kuanzia sasa sili tena pale mkahawani."

"Mm," alisema, misumari ikiwa bado midomoni. Akapiga nyundo.

"Utakula chakula anachokufungia mkeo."

Alitema misumari kiganjani. "Kile? Kile hata paka hakigombanii."

"Kwa nini kila mara unaagiza sahani kubwa?"

"Kwa sababu ndogo ni ya watoto."

"Na siku ile nilipopimwa, kwa nini ulicheka?"

"Nilicheka mimi?"

"Ulicheka, halafu ukaniongezea juisi."

Aliigeuza misumari kiganjani, akaipanga vichwa upande mmoja. Nilitembea kutoka mlangoni hadi kwenye marobota ya vitambaa na kurudi, kwa kuwa miguu ilikataa kusimama.

"Kaa chini, unanizungusha kichwa," alisema.

"Sikai. Nijibu."

"Ulipokuwa ukinenepa, nilikuwa napata usingizi." Hakuniangalia. "Basi. Nimekujibu."

"Uliniharibia makusudi."

"Mwanzoni hapana. Mwanzoni nilitaka tu viazi. Wallahi, nilivitaka viazi. Kisha nikaona jinsi mzani ulivyokuwa ukipanda, nikasema, hebu upande tu. Wewe nimekubeba mgongoni kukupeleka kwenye chanjo, mama akiwa kazini, nawe unanikojolea. Sasa nikulaze mezani upasuliwe ubavu kwa ajili yangu? Usipoamka, hiyo figo mpya nitamwonyesha nani?"

"Basi nenda kwa daktari. Mwambie hutaki. Sema kwa kinywa chako mwenyewe, usinikatalie kwa viazi!"

Nilitarajia acheke, na midomo yake kweli ilianza. Kisha uso wote ukaporomoka. Alikaa sakafuni, mgongo ukiwa umeegemea mbao tupu za kochi.

"Naitaka," alisema. "Hapo ndipo penye ubaya. Kila nikilala kwenye mashine ile naitaka figo yako kama mtu anayetamani kitu cha jirani, na naona haya. Ningewezaje kukuambia hivyo? Viazi vilikuwa rahisi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano, lakini nikayaacha. Nilikaa karibu naye. Nilimwambia kwamba naogopa pia, kwamba nimeota nikiamka baada ya upasuaji, na nimeota siamki. Kwamba kunifichia hofu yake kulinifanya nipigane na chakula ambacho hakikuwa adui yangu. Nilimwambia kuwa mwili ni wangu, na ruhusa niliyoitoa niliitoa nikiwa na akili timamu. Alisikiliza. Hakukubali papo hapo; aliuliza tu, akifuta pua kwa kipande cha kitambaa cha mteja:

"Sasa utakula nini?"

Lilikuwa swali lile lile nililokuwa nikijiuliza tangu mwanzo, lakini kwa mara ya kwanza halikunikimbiza vitabuni. Niliporudi kwa mshauri wa lishe tulilijibu bila kulipa jina lolote. Ningekula vyakula vya nyumbani nilivyovizoea, ugali na wali vikiwemo, milo mitatu, mboga zikishika nusu ya sahani. Ningepakua mara moja tu, na nisingeongeza kwa sababu ya huzuni ya mtu mwingine. Tonge la kuonja lingehesabiwa kama tonge. Nilimwambia kwamba ni rahisi mno, kwamba haiwezi kuwa ndiyo njia. Alinijibu kuwa nimuulize tena baada ya mwezi, kama nitaweza kutulia mwezi mzima bila kuibadilisha.

Kutulia ndiko kulikonitesa. Niliamka nikitaka kujipima, nikaufungia mzani kabatini kwa wifi, ambaye alidai kodi ya kuuhifadhi. Wiki za kwanza hazikuonyesha kitu.

Baadaye uzito ulianza kushuka, polepole kuliko nilivyotaka, na haukupanda tena. Mkahawa ule hatuuingii. Baada ya mashine tunakwenda nyumbani, na kaka husema waziwazi siku anazoogopa. Wiki iliyopita alikwenda mwenyewe kwa daktari, akaomba jopo likae.