Mashabiki Wawili Chini ya Zege

Kazini walimwita Uzi, kwa sababu hakuna tundu lililomshinda. Alikuwa mzimamoto mrefu, mwembamba, wa mabega ya kukunjika. Jengo likianguka wenzake hukimbilia sululu na majeki, yeye huvua koti na kuuliza mlango uko wapi. Mlango kwake ni ufa wowote unaopitisha kichwa.

Asubuhi hiyo roshani ya ukumbi wa zamani wa sinema iliporomoka. Jengo lilikuwa linabomolewa ndani ili lifanywe maduka. Vibarua walichomoka mbio wakiwa weupe kwa vumbi kama waliopakwa unga, wakatazamana, wakagundua kwamba fundi umeme hayumo kati yao. Mara ya mwisho alionekana chini ya ngazi, akifungua sanduku la fyuzi. Sajini, mwanamke mnene wa sauti ndogo aliyeongoza kikosi, aliamuru mashine zote zizimwe na kila mtu afunge mdomo. Katika ukimya ule wakasikia mtu anakohoa chini ya zege.

Uzi akaingia kwa tumbo, tochi kofiani, redio kifuani. Zege lilimkwaruza mgongo, nondo zilizopinda zikamvuta suruali kama watoto wanaodai peremende. Alipofika aliona mkono kwanza, halafu bega, halafu uso wa mwanamume wa makamo, ndevu zimeshikana kwa vumbi. Mahali pale palikuwa na nafasi ya uvungu wa kitanda, si zaidi. Boriti ilikuwa imemlalia mguu wa kulia chini ya goti.

"Mguu siusikii," fundi alisema. Hakulalamika. Alisema kama mtu anayetoa taarifa ya nyaya zilizokatika.

Daktari alikuwa nje, mdomoni mwa tundu, kwa kuwa mwili wake haukumruhusu kwenda mbali zaidi. Kwa redio alimweleza Uzi mambo mawili. Kwanza, boriti isiguswe kabla mtu huyo hajawekewa dripu na maji yakamwingia vya kutosha, kwani mguu uliobanwa muda mrefu ukiachiwa ghafla hupeleka sumu moyoni. Pili, asiachwe alale. "Akilala," daktari alisema, "sitajua kama amelala au anakwenda."

Dripu Uzi aliiweka. Alikuwa amefundishwa, na mshipa ulimhurumia. Lile la pili ndilo lililokuwa kazi. Alimuuliza fundi habari za watoto, akajibiwa kwa maneno matatu. Akamuuliza habari za mke, akajibiwa kwa neno moja. Akamuuliza habari za kazi, akapata mguno. Kila jibu lilikuwa fupi kuliko lililotangulia, kama kamba inayoteleza kisimani.

Uzi alikuwa na tabia moja asiyoijua mwenyewe. Mikono yake ikiwa na shughuli, koo lake huvuma wimbo. Alipokuwa akipanga vipande vya mbao pembeni mwa boriti, alianza kuvuma mstari wa gitaa la besi, tatu, mbili, mbili, tatu, mbili, mbili, akizunguka nao bila kufikiri.

"Umeruka pigo," fundi alisema.

Uzi alisimamisha mikono.

"Mzunguko wa nne. Besi inasubiri pigo moja, halafu ndiyo inaingia. Wewe umeingia moja kwa moja."

Ilikuwa kweli. Ulikuwa wimbo wa Wale Watano, ule uliojaza upande mzima wa pili wa santuri yenye mlango mwekundu kwenye jalada. Bendi hiyo ya roki ilikuwa imevunjika kabla Uzi hajazaliwa. Wale Watano ndilo jina ambalo mjomba wake aliwaita, na Uzi alikuwa akiamini kwamba tangu mjomba azikwe amebaki yeye peke yake mjini anayeujua wimbo ule. Mjomba alikuwa kinyozi. Kinanda kikianza kupanda katikati ya upande wa pili, mjomba aliweka mashine chini na kufumba macho, na mteja akakaa na kichwa nusu msitu nusu uwanja hadi kinanda kishuke. Aliyelalamika aliambiwa nywele zitaota tena, lakini pale pakipita pamepita. Mke wa Uzi, kwa upande wake, aliziita zile nyimbo zisizojua kwao, maana zikitoka hazirudi nyumbani.

"Na wewe unawasikiliza?" Uzi aliuliza.

"Tangu nina akili," alisema fundi. "Wewe, mdogo wangu, upo upande gani? Wa mwimbaji wa kwanza au wa pili?"

Hapo Uzi akajua kamba imepata mshiko. Alisema waziwazi kwamba Wale Watano walikufa siku mwimbaji wa kwanza alipoondoka, na kilichofuata kilikuwa matanga tu. Fundi akafungua macho yote mawili. Alisema huyo wa kwanza alikuwa anaimba kama mtu anayesoma risiti.

"Na huyo wako wa pili," Uzi alisema, "analia kama paka aliyebanwa mlangoni."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Aliutazama mguu ulio chini ya boriti, akaona aibu. Lakini fundi alikuwa anacheka, kicheko kilichogeuka kikohozi, na kikohozi kilipopita akaendelea na hoja yake palepale alipoiachia. Wakabishana. Walibishana juu ya santuri ya tatu, ambayo fundi aliiona kilele na Uzi akaiona kelele. Walibishana kama mpiga ngoma aliacha bendi au aliachishwa. Jambo moja tu walikubaliana: pale ambapo vyombo vyote vinanyamaza na gitaa moja linabaki, linapapasa kama mtu anayetafuta swichi gizani, hakuna mwanadamu mwenye masikio anayeweza kupumua. Fundi alisema mara ya kwanza kupasikia alikuwa juu ya nguzo, redio ndogo mfukoni, na alisahau kushuka.

Maji ya dripu yalishuka. Daktari akauliza hali, Uzi akamjibu kwamba mgonjwa ni mbishi. Daktari alisema hiyo ni dalili nzuri.

Ndipo juu yao kitu kikalia, mlio mkavu kama mfupa. Mchanga ukawamwagikia usoni. Sajini alikuja kwenye redio na sauti yake ndogo ilikuwa imekuwa ndogo zaidi. Ukuta wa nyuma umefunguka ufa. Uzi atoke sasa hivi, waushikize kwa magogo, halafu arudi. Uzi alisema fundi hawezi kuachwa. Sajini akamwambia kwamba hakumuuliza anachoweza fundi, alimwambia yeye atoke.

Fundi alikuwa amesikia yote. Mkono wake ulimshika Uzi mkono wa shati.

"Usiniache gizani, mdogo wangu."

Uzi alivua tochi akaiweka karibu na uso wake. Alimwambia atarudi. Maneno hayo alikwisha kuwaambia watu wengine kabla, na si wote aliowakuta wakimsubiri, kwa hiyo aliyasema akiangalia pembeni. Kisha akarudi kinyumenyume, na kila nondo iliyomvuta suruali aliiona inamwita mwoga.

Nje jua lilimchoma macho. Wenzake walikuwa wanainua magogo kuegemeza ukuta, wakitembea kwa vidole kama watu waliomo chumba cha mgonjwa. Bomba la maji lililovunjika lilichomoza mdomoni mwa tundu, na Uzi alikumbuka kuliona likipita kule chini karibu na bega la fundi. Akaokota spana, akaligonga. Tatu, mbili, mbili. Akangoja. Kutoka chini, kwa mbali, likaja jibu: tatu, mbili, mbili.

Waliendelea hivyo. Magogo yalipanda, ukuta ukanung'unika, spana ikagonga, chini ikajibiwa. Halafu majibu yakaanza kuchelewa. Likaja tatu bila mbili. Likaja pigo moja lenye uvivu. Halafu halikuja lolote.

Uzi aligonga tena. Alilala kifudifudi akapiga kelele ndani ya tundu, akamwita fundi, akamwita kaka. Kimya. Daktari aliinama, akasikiliza. Sajini alisema magogo bado, hakuna anayeingia, na uso wake ulionyesha kwamba amri hiyo inamkata yeye kwanza.

Mwanamke mmoja alikuwa amefika na kusimama nyuma ya daktari, gauni la kazini likiwa na unga wa mkate, kiatu kimoja kimefunguka. Alikuwa mke wa fundi. Hakulia wala kuuliza maswali. Tangu barabarani alikuwa ameyatambua mapigo ya spana, ule wimbo wa mumewe; sasa alimsikiliza Uzi akipiga kelele, akamgusa bega.

"Unamwita kwa upole," alisema. "Hivyo hata mimi haniitikii. Mwambie kile kinanda cha mwanzo hakikupigwa na mtu. Mwambie ni mashine."

Uzi alimtazama.

"Mimi hizo kelele zake sizipendi," mke alisema, "lakini katika ndoa yetu yote sijawahi kumwambia hivyo akanyamaza."

Uzi akaingiza kichwa tunduni, akajaza kifua. Alipaaza sauti kwamba amefikiri vizuri na ameona kile kinanda cha mwanzo wa upande wa pili hakina maajabu, kwa sababu ni mashine ilijipiga yenyewe studioni.

Wote wakangoja. Gogo moja lilikwaruza chini, mtu akalishika lisitoe sauti. Uzi alirudia. Akaongeza kwamba hata mtoto wa shule angebonyeza kitufe kile. Mke wa fundi alikuwa amefumba macho na midomo yake inakwenda.

Sauti ilitoka kule chini nyembamba kama moshi.

"Si mashine."

"Ni mashine," Uzi alipiga kelele, machozi yanamchuruzika kwenye vumbi la mashavu.

"Ni mikono ya mtu," fundi alisema. "Kuna mahali anakosea. Dole gumba linateleza. Mashine haitelezi."

Aliposikia hivyo mke akaketi chini palepale kwenye kifusi. Daktari alimwambia Uzi asimwache huyo mtu ashinde. Uzi hakumwacha. Alibisha kwa nguvu zote juu ya dole gumba lile, ambalo moyoni alilijua na kulipenda tangu kwa mjomba, mpaka Sajini alipompiga kibao cha mgongo na kumwambia magogo yameshika, ingia.

Alimkuta fundi midomo imekuwa ya bluu lakini macho yamewaka kwa hasira. Mfuko wa dripu ulikuwa umekaribia kwisha. Daktari akatoa ruhusa. Uzi aliliweka jeki chini ya boriti, mbao tayari kando, akamwambia fundi kwamba watainua kidogokidogo, na kwamba fundi ndiye atakayehesabu, kwa sauti, bila kuacha.

"Tatu, mbili, mbili," fundi alianza.

Kila mzunguko ukianza upya Uzi alisukuma mkono wa jeki mara moja na kusokomeza ubao. Kwenye redio Sajini alijaribu kuifuata hesabu awaambie walio juu, akapotea, akaomba aambiwe tu "sasa" na hizo hesabu za kichawi wabaki nazo wenyewe. Boriti ilipanda upana wa kucha. Ilipanda upana wa kidole. Mzunguko mmoja fundi alipiga ukelele katikati, maana damu ilikuwa imeanza kurudi na mguu uliokuwa hausikii ukasikia vyote kwa pamoja. Uzi akadhani hesabu imekwisha. Lakini fundi aliuma meno, akaingoja ile mbili aliyoiacha, akaishika.

Walimtoa akiwa hai. Watu waliokusanyika barabarani walipiga makofi, na Uzi alikwenda nyuma ya gari la maji akatapika.

Mguu haukupona. Ulikatwa chini ya goti siku ya pili, na kwa muda hata maisha yenyewe yalikuwa ya kubahatisha, figo zikigoma na kurudi. Fundi alipohamishwa wodi ya kawaida Uzi alimtembelea, amebeba simu aliyoijaza nyimbo zote za Wale Watano, za mwimbaji wa kwanza na wa pili. Alimvalisha visikilizio kwa furaha. Gitaa la besi lilipoanza tu, jasho lilimtoka fundi usoni, mikono ikatafuta kitu cha kushika, akavivuta visikilizio vikaanguka sakafuni.

Uzi alitamani ardhi impasukie. Alisema maneno mengi ya kuomba radhi, yakagongana.

"Usiliweke moyoni," fundi alisema, pumzi ilipomrudia. "Wimbo ule niliutumia wote siku ile. Haukubaki."

Alikuwa hana chuki. Lakini aliporudi nyumbani kwa magongo alimwambia mkewe azifunge santuri kwenye sanduku, na sanduku akamkabidhi Uzi, kwamba ni afadhali zikae kwa mtu mwenye masikio mabovu kuliko kukaa kimya. Mkewe alilisindikiza hadi mlangoni. Alimwambia Uzi kwamba nyumba imekuwa tulivu mno, na kwamba hakuwahi kudhani angekuja kulichukia jambo hilo.

Uzi aliliweka sanduku karibu na kitanda. Naye alipojaribu kusikiliza alisikia mchanga ukimwagika, akaacha.

Msimu ukapita. Fundi alipata mguu wa bandia, akafungua kibanda cha kutengeneza pasi na feni. Jumapili moja mchana simu ya Uzi ililia. Fundi aliuliza habari za nyumbani, akauliza habari za kazi, halafu akauliza kama ile ya mlango mwekundu ipo karibu. Uzi alisema ipo.

"Weka upande wa pili. Mwanzo tu. Simu isogeze kwenye spika."

Uzi aliiweka santuri, akaishusha sindano. Kinanda kikaanza. Alishika simu hewani, hasikii kutoka kwa fundi ila pumzi za haraka, kama za anayepanda mlima. Dole gumba likateleza mahali pake.

"Basi," fundi alisema. "Zima. Kwa leo inatosha."

Uzi akazima. Akairudisha santuri kwenye jalada lake. Kisha fundi alimuuliza kama Jumapili ijayo yuko zamu.