Meli Ndani ya Bilauri

Santuri ikiingia nyumbani kwetu, kabla haijapigwa, kabla hata haijafutwa vumbi, mume wangu Lascelles aliikwangua jina. Alichukua msumari, akakaa kibarazani, akaikwangua ile karatasi ya katikati mpaka ikabaki mikwaruzo mitupu. Wenye mitambo ya muziki wote wa Kingston, wale waliopigisha dansi viwanjani kwa santuri na spika zao, walifanya hivyo, maana mpinzani akilijua jina la wimbo wako, muda si mrefu naye anao. Lakini wenzake walisoma kwanza ndipo wakakwangua. Huyu wangu alikwangua kwanza. Macho yake hayakuziweza herufi ndogo, na miwani hakuitaka. Alisema mwenye mtambo akivaa miwani anafanana na karani wa posta.

Nilimpenda, msinielewe vibaya. Ila kulikuwa na siku nilitamani kumpiga na kikaango.

Miaka miwili kabla ya uhuru, santuri iliyotuweka mjini ilikuwa moja tu. Binamu yake aliyekwenda kukata miwa Florida ndiye aliyetuletea, na kwa kuwa haikuwa na jina, vijana waliiita Hiyo Yenyewe. "Lascelles, piga Hiyo Yenyewe!" wakipiga kelele, akiiweka, kiwanja kinachemka. Nyimbo mpya za Wamarekani zilikuwa zimelegea siku hizo, tamu tamu, za kubembelezea watoto, na vijana wetu hawakutaka kubembelezwa. Walikuwa wametoka shamba kuja mjini, kazi hawana, suruali zimebana, kofia zimeinamia jicho. Walitaka kucheza.

Mpinzani wetu alikuwa Mortimer, aliyejiita Jenerali. Spika zake zilikuwa kubwa kuliko kabati langu la nguo, na mdomo wake mkubwa kuliko spika. Siku moja kwenye meza ya domino alimchokoza mume wangu mpaka akapata alichotaka.

"Lascelles, wewe una wimbo mmoja. Siku ukivunjika utapiga nini, sufuria za mkeo?"

"Jumatatu ya Pasaka tukutane Kiwanja cha Chokaa," Lascelles akajibu. "Ukinishinda, nauza mtambo, napanda meli, naenda Uingereza na mke wangu."

Walisikia watu wote. Na kesho yake, ili wajue hatanii, akanunua sanduku la safari, la kahawia, lenye kufuli mbili, akaliweka sebuleni wageni walione.

Mimi sikutaka kwenda Uingereza. Miaka ile nusu ya mtaa ilikuwa imeondoka. Dada yangu alikuwa Birmingham, na habari zilizotufikia ni kwamba analala na koti. Mimi nilikuwa na kikaango changu pale mlangoni pa kiwanja, na samaki wangu ndio waliokuwa wakiulizwa kabla ya muziki. Mama yangu alikuwa hai huko Morant Bay. Ningekwenda kumuuzia samaki nani kwenye ukungu? Lakini mume wangu akishasema neno mbele ya watu halimezi tena, hata likimkwama kooni.

Basi Ijumaa Kuu nikaamka alfajiri, nikafanya kama mama alivyonifundisha. Nikavunja yai, nikautia ute wake kwenye bilauri ya maji, nikaiweka juani pale uani. Jua likipanda, ute hujichora, na mchoro ule ndio mwaka wako. Ukiona kanisa, harusi. Ukiona jeneza, usiseme kwa sauti. Saa sita mchana nikaenda kuchungulia. Ute ulikuwa umesimama majini, mwili chini, milingoti mitatu juu, na tanga limejaa. Meli. Hata kipofu angeiona.

Nikaegemea banda la kuku. Ndipo nikaona kitu cheusi juu ya bati la banda, kimejikunja kama ganda la ndizi lililoanikwa.

"Lascelles!" nikaita. "Hii ni nini hapa kwenye bati?"

Akatoka na kipande cha mkate wa Pasaka mkononi, jibini mdomoni. "Aa, ni Hiyo Yenyewe. Kulikuwa na kapembe ka karatasi kamebaki, nikasema nikamalizie. Nimeiweka hapo mara moja tu."

"Mara moja ya tangu saa ngapi?"

Alikuwa ameiona. Jibini lilimdondoka, kuku wakaligombea.

Alikaa chini, palepale kwenye vumbi, na suruali yake ya sikukuu. "Tutaagiza nyingine," akasema. "Mwanasheria mmoja ana ndugu Miami."

"Inaitwaje?"

"Inaitwa... ni ile ya..."

"Kaimba nani?"

"Jamaa mmoja, Ivorine mke wangu. Ana sauti nzito."

Nilicheka mpaka nikalia, na kulia kwenyewe kulikuwa kwa kweli. Mficha uchi hazai. Huyu aliwaficha maadui wimbo wake, akaishia kujifichia hata yeye mwenyewe.

Ijumaa Kuu muziki haugusiki, kwa hiyo nilingoja Jumamosi. Asubuhi na mapema nikavuka barabara kwa Wilmot. Alikuwa kijana mpiga tromboni, amelelewa na masista kwenye ile shule yao ambako mtoto mtukutu hupewa tarumbeta badala ya viboko. Jioni alikuwa anawapigia wazungu hotelini nyimbo za kulia chakula. Nilimkuta anapiga pasi shati lake jeupe.

"Wilmot mwanangu, nataka unipigie wimbo."

"Upi, Bi Ivorine?"

"Haujulikani."

Akaitua pasi. "Kaimba nani?"

"Jamaa mwenye sauti nzito."

Akanitazama kama anayepima joto la mtoto. Nikamweleza yote, yai, bati, meli na sanduku. Alicheka, kisha akaona uso wangu, akaacha.

"Sawa. Jina halipigwi, mama. Mwambie mzee aje aimbe, nami nitamleta Hartley na gitaa lake na wenzetu wa ngoma na besi. Na wewe uje na samaki."

Kulikuwa na fundi mmoja mwenye chumba nyuma ya duka la samani, ana mashine ya kuchonga santuri laini, zile zinazochakaa upesi. Tukabanana humo mchana ule, katikati ya vitanda visivyouzwa. Lascelles akaimba. Jamani, Mungu humpa kila mtu chake, na mume wangu alipewa masikio. Sauti yake ni ya mtu anayeita teksi kwenye mvua. Wilmot alifumba macho, akaokota wimbo kutoka katika yale makelele, akaupuliza vizuri kabisa. Lakini Hartley kila mara alikuwa anasimama.

"Mzee, mguu wa huu wimbo uko wapi? Unaimba kama mtu anayekimbizwa na mbwa."

"Uko hapohapo! Sikiliza!"

"Nasikiliza. Mbwa namsikia."

Wakarudia, wakarudia. Jasho likawatoka, Lascelles akaanza kutukana vitanda. Mimi nimekaa pembeni na samaki wangu, naiona ile meli. Mimi hofu ikinishika huwa nafanya jambo moja, nalo nilijifunza kanisani kwa mama, ambako watu wanaomba kwa miguu. Mguu unakanyaga chini, na kofi linakuja katikati, mguu ukishapita. Nikaanza, polepole, nimefumba macho. Mguu, kofi. Mguu, kofi. Nilikuwa namwomba Mungu aniachie kikaango changu.

Nilipofumbua, Hartley alikuwa ananitazama mikono.

"Usiache, mama," akasema. "Tafadhali usiache."

Na gitaa lake likaacha kufuata mguu, likafuata kofi. Chka. Chka. Chka. Mpiga ngoma akaangua kicheko, akaingia. Wilmot akapuliza juu yake, na ule wimbo wa Mmarekani ukainuka, ukavua viatu, ukawa mtu wa kwetu.

"Simameni!" Lascelles akapiga kelele. "Mnauharibu! Sio wenyewe huo!"

"Wenyewe uliuharibu wewe jana kwenye bati," nikamwambia, na mikono sikuisimamisha. "Kaa kimya mume wangu, au ondoka na mbwa wako."

Akakaa kimya. Fundi akachonga.

Nyumbani alikaa kibarazani, akaitoa ile santuri mpya kwenye karatasi, na mkono wake mwingine ukaenda wenyewe kuuchukua msumari. Akaigeuza huku, akaigeuza huku. Katikati palikuwa peusi patupu.

"Hakuna cha kukwangua," akasema, na nilimwonea huruma.

Jumatatu baada ya chakula cha mchana Kiwanja cha Chokaa kilijaa mpaka watu wakapanda juu ya uzio. Habari za bati zilikuwa zimeshamfikia Mortimer, maana kwenye mtaa wetu hata kuku wana midomo. Alifungua yeye. Akapiga nyimbo zake nzito, spika zikatikisa mafuta kwenye kikaango changu, vijana wakacheza. Wakacheza vizuri, siwezi kusema uongo. Kisha akashika kipaza sauti.

"Bi Ivorine pale mlangoni! Nikaangie samaki wawili, mmoja wa safari! Lascelles, tupigie Hiyo Yenyewe! Au iko kwenye sanduku?"

Watu wakacheka. Nilijaribu kugeuza samaki, akaanguka majivuni. Lascelles akaishusha sindano.

Tromboni ikaingia, na watu wakapiga makelele kwa kuutambua wimbo. Kisha gitaa likaja, na makelele yakakatika. Vijana wakasimama. Miguu yao ilitafuta pa kukanyaga, isipaone, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akidhani imebaki moja. Mtu mmoja akazomea. Mortimer akacheka kwenye kipaza sauti. Nikafikiri, basi, Birmingham.

Kulikuwa na msichana wa mtaa wetu, Icilda, mfuaji wa nguo za watu, ambaye vijana wote walicheza anavyocheza yeye. Alikuwa amesimama katikati, kichwa ameinamisha upande, anasikiliza. Kisha akatabasamu. Akakunja magoti, akainama, na mikono ikaanza kwenda na kurudi mbele yake, kama yuko kwenye beseni anasugua shati la mtu mchafu. Mguu chini, mikono katikati. Chka. Chka.

"Anafua!" mtu akapiga kelele. "Icilda anafua!"

Wakafua wote. Kofia zilianguka, suruali zile za kubana zikachanika magotini, na juu ya uzio watu wakawa wanapiga bati kwa viganja, na viganja vyao vilikuwa kwenye kofi langu, si kwenye mguu. Santuri ikaisha wakataka irudishwe. Ikarudishwa. Ikarudishwa tena, mpaka nikaacha kukaanga, nikaingia kati na aproni yangu nikafua nao. Nilikuwa na furaha ambayo hata siku ya harusi sikuwa nayo, na harusi yangu ilikuwa nzuri.

Mmoja wa vijana wa Mortimer alijipenyeza hadi kwenye mtambo, kama kawaida yao, achungulie katikati ya santuri. Akaona weusi mtupu.

"Mzee, hii imetoka wapi? New Orleans?"

"Mbali zaidi," Lascelles akamwambia. "Ng'ambo ya barabara."

Mortimer akazima mtambo wake mwenyewe. Akaja kwangu, akanunua samaki, akala amesimama, mguu wake unagonga chini na kichwa kinaitikia katikati. Hakuweza kujizuia, maskini.

Mimi sisemi sisi ndio tulioanzisha. Kila mtaa wa Kingston una mzee atakayekuapia kwamba mdundo ule, ambao baadaye vijana waliuita ska, ulizaliwa uani kwake, na huenda wote wanasema kweli. Sigombani na mtu. Najua tu kwamba santuri yetu ile laini ilichakaa kabla ya mwezi kwisha, ikabaki inakoroma, na hakuna aliyelia. Tulivuka barabara tukamwita Wilmot, akapiga mwingine.

Mwaka ulikuwa haujaisha Mortimer alipokuja nyumbani, kofia mkononi. Akakaa sebuleni, akalitazama lile sanduku la kahawia.

"Bi Ivorine, mnalitumia hili?"

"Kwa nini, Jenerali?"

"Kaka yangu kanipatia kazi kwenye reli. London." Akakohoa. "Mtambo nimeshauza."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nikaenda jikoni kumkaangia samaki, wawili, mmoja wa safari.

Tulimsindikiza bandarini mtaa mzima. Wilmot na Hartley walikuwa wameshatoa santuri za kiwandani wakati huo, zenye karatasi nzuri nyekundu katikati, na Lascelles alimtilia moja sandukuni, juu kabisa ya mashati, akapate joto huko. Pale kwenye ngazi ya meli Mortimer akafungua kufuli mbili aitazame. Akaitoa. Katikati yake palikuwa na mikwaruzo ya msumari, hakuna hata herufi iliyopona.

"Lascelles! Hata hapa? Mimi naondoka, mwenzangu!"

"London nako kuna mitambo," mume wangu akasema, huku machozi yanamtiririka.

Wakakumbatiana, wakacheka mpaka baharia akawafokea. Kisha meli ikaondoka, na mimi nikasimama nikaitazama. Mwili chini, milingoti juu. Yai halikusema uongo, lilikosea mlango tu.

Ijumaa Kuu iliyofuata niliamka alfajiri kama kawaida, nikatwaa yai, nikalikaanga, tukala mimi na mume wangu.