Anayepandia Maadi

"Kiti hiki kina mwenyewe," alisema Bahiga, akiweka kiganja juu ya kiti kilichokuwa kando ya kitanda chake. "Anapandia Maadi."

Insaf, aliyekuwa ameshainama ili aketi, akasimama tena.

Sawsan, binti yake Bahiga, aliona haya. "Mwie radhi, mama mdogo. Siku hizi, akilini mwake, yumo ndani ya treni kuanzia asubuhi hadi jioni. Jana alinidai tiketi." Akaenda jikoni kuandaa chai.

Treni hiyo Insaf aliijua vizuri. Zamani, kabla reli haijapitishwa chini ya jiji, wao wawili waliipanda kila asubuhi hadi Bab al-Luq, walikofanya kazi ya kuunganisha simu. Bahiga alitokea Helwan, akamwekea shoga yake, aliyepandia kituo cha Maadi, nafasi ya dirishani kwa mkoba, kisha wakagawana mkate wa maharage kabla haujapoa. Mkabala nao aliketi Wagdi, mpiga chapa mwenye haya, aliyechukua mwaka mzima kumwambia Insaf jina lake.

Baba yake Insaf akapata habari za mapenzi yao. Mwezi haukuisha, Insaf akaozwa kwa binamu yake. Aliyeijua siri ile alikuwa mmoja tu, Bahiga. Tangu hapo Insaf alipanda behewa la mwisho, miaka kumi na mmoja, bila hata salamu.

Leo alikuja na maneno yake tayari. Alikuwa ameyanoa njia nzima.

"Na huyo mwenye kiti," aliuliza, "mbona haji?"

"Yuko behewa la mwisho." Bahiga alishusha sauti. "Namwona akishuka kila siku. Hageuzi hata shingo. Baba yake alinishikisha msahafu niseme kweli, dada. Ningesema nini?"

Hilo Insaf hakulijua. Yale maneno aliyoyanoa hayakuwa na kazi tena. Alitaka kusema, ni mimi. Lakini aliyekuwa akingojewa alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, na huyo Insaf hakuwa na pa kumtoa.

Sawsan alirudi na chai. "Keti, mama mdogo. Usimjali."

"Acha tu. Nitasimama."

Bahiga alimtazama kwa huruma, kama mtu amtazamavyo mgeni aliyechoka. "Wewe unashukia wapi, bibi?"

"Mwisho wa njia."

"Mbali huko. Basi shika hapa, usije ukaanguka."

Insaf akaushika ukingo wa kitanda. Chuma kilikuwa baridi.