Mkononi Laki Nne

Lugembe alikuwa ameacha kumwamkia Mzee Mabruki, na kiwanda kizima cha asali pale Isevya kilijua. Wiki tatu sasa. Kila asubuhi mzee aliingia na kanzu yake, akasimama mlangoni kidogo kama mtu aliyesahau kitu, na Lugembe akazidi kuliinamia pipa lake la kuchujia. Shikamoo ni neno jepesi, halina ushuru, lakini ngoja mtu akunyime ndipo utajua uzito wake.

Chanzo kilikuwa shilingi mia tisa.

Julai ile, mwaka elfu mbili ishirini na moja, serikali ilipunguza kodi ya mishahara ya watu wa chini. Waliokuwa wakikatwa asilimia tisa, sasa wangekatwa nane. Lugembe alisikia redioni, akaona ni maneno ya redioni. Kisha mkewe Jenifa, matroni wa bweni katika shule moja ya wasichana, akarudi na karatasi yake ya mshahara, na humo mna mia tisa ya nyongeza. Mia tisa haijengi nyumba. Lakini Jenifa aliisoma karatasi mara mbili, akatabasamu, akauliza, "Na wewe, Baba Minza, umeongezewa ngapi?"

Hakuongezewa hata senti. Na kwa Mzee Mabruki hakukuwa na karatasi. Mwisho wa mwezi mzee alikaa kwenye mkeka wake, akamwita mtu mmoja mmoja, akamwekea fedha kiganja kwa kiganja, akisema, "Mkononi, laki nne." Ndivyo alivyolipa baba yake, na babu yake aliyepeleka misafara Ujiji. Zamu yake ilipofika, Lugembe alizihesabu noti palepale mbele ya mzee, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka kumi na miwili. Zilikuwa laki nne zilezile. Basi akajua, au akadhani anajua: kodi yake iliyopungua imeishia kwenye mfuko wa kanzu.

Hakuuliza. Utamwulizaje mtu aliyekufundisha kazi kama ni mwizi? Aliumia, na nyumbani akamwambia Jenifa kwamba Agosti ikiisha anaacha kazi, anakwenda Ulyankulu kutundika mizinga na shemeji yake. Ada ya Minza ilitoka kwenye zile laki nne.

Siku moja baada ya chakula cha mchana alijilaza juu ya magunia. Jua lilikuwa limeingia kupitia bati lililotoboka, nta imelainika kwenye masufuria, na nyuki wachache waliopotea njia walikuwa wakizunguka kichwani pake bila haraka. Usingizi ukamchukua polepole.

Alijikuta njiani, njia ile ya zamani, vumbi lake jekundu na laini kama unga. Kichwani amebeba kibuyu cha asali. Mbele yake watu, nyuma yake watu, na wote wanatembea bila kelele, hata kengele ya kirangozi, kiongozi wa msafara, ilisikika kama iko chini ya maji. Kila walipofika kwenye himaya ya mtemi, mtu mwenye miwani alitokea na kijiko, akidai hongo, ule ushuru wa kupita. Lugembe alijikaza, akingoja kibuyu chake kifunguliwe. Hakikufunguliwa. Mtu wa miwani alimpita, akaenda nyuma, akachota huko. Kwa mtemi wa pili vilevile, na wa tatu. Milima ikapita, mito ikapita, na mzigo wake haukupungua hata tone. Kuna mtu alikuwa akitembea nyuma yake, na miguu ya mtu huyo ilikuwa imechoka sana, aliisikia. Alipogeuka amwone, akaamka.

Aliinuka, akaketi juu ya magunia. Miwani ile aliijua. Ilikuwa ya Swaumu, karani wa mishahara.

"Dada Swaumu," alisema mlangoni pa ofisi, "kodi yangu huwa inakatwa wapi?"

Swaumu alivua miwani. "Leo ndiyo unauliza, Baba Minza? Kaa." Akafungua daftari la miaka minne nyuma, kiwanda kilipoandikishwa. "Siku ile mzee aliwauliza mnataka mshahara gani. Wewe ulisema nini?"

"Nilisema laki nne."

"Ulisema laki nne mkononi. Mzee akakubali. Ili wewe upate laki nne mkononi, yeye anaandika laki nne na elfu hamsini na nane na ushee. Makato ya mfuko wa hifadhi ya jamii, humo. Kodi yako, humo. Ikipanda, ya kwake. Ikishuka, ya kwake. Mwezi uliopita imeshuka elfu moja mia tano hivi, ndiyo kaipata. Miaka minne kakubebea, wewe unashika laki nne yako."

Aibu ilimpanda Lugembe toka miguuni hadi masikioni, akatamani ardhi ya Isevya immeze na viatu vyake.

Alimkuta mzee uani, akigeuza nta juani. Akapiga magoti kwenye vumbi.

"Shikamoo, mzee."

Mabruki aliiweka nta chini. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Wiki tatu nimekuwa nikijiuliza nimekukosea nini."

"Nilidhani umenilia fedha yangu."

"Ungeniuliza, ningekueleza." Akafuta mikono kwenye kanzu. "Lakini kosa ni langu pia. Mzigo usiouona utamshukuruje aliyeubeba? Haya, chagua. Tubaki na mkononi, au niandike mshahara wote, ukatwe wewe mwenyewe. Ikishuka utacheka, ikipanda usije kunililia."

Lugembe alifikiri juu ya ile miguu iliyochoka nyuma yake.

"Andika wote, mzee. Nitabeba mwenyewe."

Mwisho wa Agosti mzee alikaa mkekani kama kawaida, ila safari hii pamoja na fedha aliweka karatasi. Lugembe aliibeba hadi nyumbani imekunjwa kifuani. Hakusema tena habari za Ulyankulu.

"Haya, umeongezewa ngapi?" Jenifa aliuliza.

Ilikuwa elfu moja mia nne na ushee, imeandikwa wazi chini kabisa. Lugembe hakuionyesha hiyo. Aliweka kidole juu zaidi, palipoandikwa kodi, elfu kumi na moja mia nne ishirini na nane, na sauti ikamtetemeka kwa furaha.

"Tazama, Mama Minza," alisema. "Nimekatwa."