Nyumba ya Mkunga Ilivyosogea

Jumanne asubuhi mkunga mstaafu alitoka na ndoo kwenda bombani, akakuta bomba liko mbali kuliko wiki iliyopita. Alihesabu hatua mia mbili na kumi. Akateka maji, akajitwika, akarudi zake akipumzika mara mbili njiani.

Nyumba yake ilianza kusogea baada ya mumewe kuzikwa na waombolezaji kukunja mikeka yao. Haikutikisika wala haikupasuka ukuta. Kila juma lililopita bila mtu kubisha hodi, ilirudi nyuma hatua ishirini kuelekea kilimani, pamoja na banda la kuku na kamba ya kuanikia nguo. Nusu ya wanakijiji walizaliwa mikononi mwake. Lakini tangu zahanati ifunguliwe, hakuna aliyekuwa na shida naye, na hodi za kijiji kile zilikuwa hodi za shida.

Mvua zilipokatika, paa lake lilionekana kutoka barabarani kama kipande cha sabuni.

Chama cha wanakijiji kilikutana ghalani kila Alhamisi kujadili mitaro na mbegu. Siku moja katibu, ambaye ni fundi cherehani, alisimama na futi yake shingoni.

"Jamani, jana nimempelekea mama mkunga gauni lake. Nimetembea robo saa nzima. Zamani nilikuwa namwita tu kutoka kibarazani kwangu."

"Nyumba imesogea?" mwenyekiti akauliza.

"Imesogea. Na ukweli tuseme, ni sisi tulioiachia."

Mwenyekiti akaandika ajenda ya tatu chini ya mbegu: nyumba ya mkunga. Wakapanga zamu, watu wawili wawili.

Zamu ya kwanza ilikuwa ya katibu na mke wake, waliokwenda na ungo wa maharage ya kuchambua. Mkunga alipowakaribisha, sauti ilimtoka ikikwaruza. Kwa siku kumi na moja alikuwa ameongea na kuku tu. Walichambua, wakasengenya kidogo, chai ikapoa vikombeni. Walipoaga, njia ya kurudi ilikuwa imepungua hatua sitini.

Chama kikajifunza taratibu. Mtu aliyekwenda kusalimia juu juu, mguu mmoja ndani mmoja nje, hakuisogeza nyumba hata shubiri. Aliyekaa, aliisogeza. Siku wanawake watatu wajawazito walipokwenda kumwomba awaonyeshe namna ya kulala bila kuumia mgongo, nyumba ilishuka kilima kwa mkupuo mmoja na vyombo vikagongana kabatini. Mkunga akaviweka sawa, akaendelea kufundisha.

Kufikia mavuno nyumba ilikuwa mahali pake pa zamani, jirani na ya mwanawe wa pekee, ambaye ni mwashi. Yeye peke yake hakuwahi kwenda. Kila alipokumbushwa zamu alijibu, "Kesho, Mungu akipenda."

Katibu alipima kwa futi yake. Kutoka mlango wa mkunga hadi kwa mwashi zilikuwa hatua ishirini. Kisha akaanzia mlangoni kwa mwashi, akielekea kwa mkunga, akatembea mpaka jua likapita utosini bila kufika. Akageuka, akarudi. Kwenye daftari aliandika vipimo vyote viwili, kwa kuwa vyote vilikuwa sahihi.

Jioni moja mkunga mwenyewe alivuka zile hatua ishirini. Mwanawe alimtolea kiti, akanawa saruji mikononi.

"Mama, nilikuwa nakuja. Ila kwako mbali."

"Najua, baba."

"Kazi nazo zimenibana."

"Umekonda. Unakula?"

"Nakula, mama."

Mkunga alitaka kumuuliza mengine. Alitaka kumwambia kwamba siku ile alipozaliwa alitanguliza miguu, na kwamba yeye mama alijizalisha mwenyewe kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuitwa. Lakini simu ya mwashi ililia, akaipokea, na maongezi yalikuwa marefu. Mkunga alimaliza maji aliyopewa, akainuka.

Mwashi alimsindikiza mpaka kizingitini, akaishia hapo. Kabla hajafunga mlango, mama yake alikuwa ameshafika nyumbani kwake. Mwashi alipotazama, aliona paa dogo mbali kule kilimani, na mtu asiyemtambua akiwaingiza kuku bandani.