Shikamoo ya Kumwokoa Bosi

Herman wa Katubuka alikuwa na mbwa anayeitwa Marahaba, na usidhani jina hilo lilikuja hivihivi tu. Kila asubuhi jirani yake Domitila akitoka kufagia uwanja, Herman alisimama upande wa pili wa ua na kuita kwa raha zake, "Marahaba! Marahaba!" kana kwamba Domitila amemwamkia. Wapi! Hawakuwa wamesalimiana tangu mwaka jana.

Chanzo kilikuwa homa ya kupe. Tomi, mbwa wa Domitila, aliacha kula, fizi zikawa nyeupe, mkojo ukawa kama chai ya rangi, akafa. Kwa uchungu Domitila akasema mbele za watu kwamba kupe wametoka kwa mbuzi wa Herman. Herman akanuna. Akatangaza kwamba yeye ni mkubwa, hivyo Domitila ndiye aanze kwa shikamoo. Mkubwa wa wapi, na walisoma darasa moja pale Gungu? Domitila akakaza shingo, Herman naye akafuga mbwa wa kumchokoza.

Sasa Dokta Erica, daktari wa mifugo aliyehamia Kigoma kutoka Bukoba, alikuwa amekuja mtaani na kisanduku cha barafu chenye chanjo ya ugonjwa uleule. Domitila alifika wa kwanza na Bosi, mbwa wake mpya, ambaye jana tu Domitila alikuwa amemtoa kupe sikioni.

"Chupa moja ni ya mbwa wanne," alisema Dokta Erica. "Nikishaichanganya haikai. Hapa wapo watatu, na dozi ya nne siwezi kuimwaga. Kama hapatikani mwingine, naenda Ilagala, na kurudi sijui ni lini."

Armelle, aliyekuwa amemleta mbwa wake pia, akakimbia kwa Herman, mwenye mbwa pekee aliyebaki mtaani. Akarudi mikono mitupu.

"Anasema aliyemtukania mbuzi wake ndiye amfuate."

Wote wakamgeukia Domitila. Yeye akamtazama Bosi, akamfunua mdomo. Fizi bado zilikuwa nyekundu. Akawaza kumzika huyu naye, roho ikamkataa. Akampa Armelle kamba, akaenda.

Herman alikuwa kibarazani akimenya muhogo, mbwa wake amejilaza miguuni.

"Hodi."

"Karibu," alijibu Herman bila kuinua macho.

Domitila akalitoa lile neno. "Shikamoo, Herman."

Kisu kikasimama. Herman alifungua mdomo, na mbwa naye akasimamisha masikio, maana alijua ataitwa yeye. Herman akaufunga tena. Mtu aliyelipigania neno moja mwaka mzima, leo kuletewa mlangoni, akaona aibu kulipokea.

"Usinizeeshe bwana," alisema mwishowe. "Habari za asubuhi?"

"Nzuri. Nimekuja kumwombea Bosi. Bila mbwa wako hatachanjwa."

"Nilidhani mkiniona hapo mtasema tena kupe wamefika."

"Nilikukosea, Herman. Nilikuwa nimechanganyikiwa."

Herman akanawa mikono, akamfunga mbwa kamba. Walipotokea barabarani pamoja, Armelle alijifanya anatazama kwingine, lakini meno yalikuwa nje. Dokta Erica akachanganya dawa. Marahaba alidungwa sindano akiwa ametulia, ila Bosi alihangaika sana, hadi Herman akapiga magoti na kumkumbatia shingo, shati jeupe likachafuka lote.

"Chanjo haifukuzi kupe," Dokta aliwaambia wote. "Muendelee kuwakagua, masikioni na katikati ya vidole. Na mnirudie kwa sindano ya pili."

Waliondoka taratibu, mbwa wakinusana mbele yao. Domitila alijisikia mwepesi, akashangaa jinsi ugomvi ule ulivyokuwa umemlemea. Walipofika penye njia ya kwake, Herman alisimama, akajikuna kisogo.

"Domitila. Pole kwa Tomi."

Mtaa mzima hakuna aliyewahi kumpa pole. Nani anampa mtu pole ya mbwa? Machozi yalimjia, akayaacha yatoke.

"Nimeshapoa," akajibu. Na tangu Tomi afe, hapo ndipo alipopoa.