Zamu ya Bartolomayo

Gladness alianza kumsikia Bartolomayo siku ya kwanza ya warsha ya mpango mkakati, asubuhi kweupe, projekta imeshawashwa na wajumbe wanasubiri chai. Sauti ilitoka nyuma ya ukumbi: "Hooo! Hooo!" kisha mvumo wa kombeo likizungushwa. Akageuka. Nyuma kulikuwa na viti vitupu na katoni za maji ya kunywa.

Aliijua sauti ile. Katika taasisi nzima ya utafiti wa kilimo hakuna aliyeamia ndege hivyo, kuwafukuza shambani kwa ukelele na kombeo, isipokuwa mzee Bartolomayo, mtafiti wa mtama katika kituo kidogo upande wa Mvumi. Na mzee Bartolomayo alikuwa ameshazikwa.

Tuseme ukweli, kifo chake kilianzia mezani. Wakati wa kuandaa mpango uliopita, kila shughuli ilitakiwa iwe na kiashiria, kitu cha kupimika kinachoonyesha kwamba kazi imezaa matunda. Wakafika kwa vibarua wa kuamia ndege. Mkurugenzi Bushiri akauliza, "Sasa hapa tunapima nini? Ndege waliokosa kula?" Ukumbi ukaangua kicheko. Wasomi wale, na shahada zao zote, walishindwa kupima kitu ambacho hakikutokea. Gladness, afisa mipango, akaifuta shughuli hiyo huku naye akicheka, wakaandika nyavu za kuzuia ndege badala yake.

Nyavu hazikuja. Bartolomayo akapanda mwenyewe dunguni, kile kichanja cha kulindia shamba, na uzee wake ule, akawa anashinda juani kuilinda mbegu aliyohangaika nayo tangu ujana, mtama unaokomaa hata mvua ikikatika mapema. Walimkuta huko huko juu, amekaa, kombeo mkononi, roho imeshatoka.

Sasa mpango mpya ulipendekeza kituo chake kifungwe. Gladness alitakiwa akakione, kisha aiandikie bodi sentensi moja tu: kifungwe au kisifungwe.

"Kamalizie tu, dada," Bushiri alimwambia. "Pale pameshakufa."

Kituoni alimkuta mlinzi aliyebaki, mama mtu mzima aitwaye Paulina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nyuma ya majengo mtama ulikuwa umesimama, masuke meupe, yamejaa. Gladness alipigwa na butwaa. "Huu kapanda nani?"

"Mimi. Ile mbegu ya stoo ililiwa yote na wadudu. Ya baba Bartolomayo imebaki hii tu."

"Na nani anaamia ndege?"

Paulina akatazama chini. "Hakuna."

"Kwelea kwelea hawaji?"

"Wanakuja. Subiri uone."

Walikuja kutoka upande wa milimani, wengi mpaka jua likafifia. Walishuka hadi usawa wa masuke, halafu wakapinda wote kwa pamoja, wakaenda zao porini. Dungu lilikuwa tupu. Gladness akasikia kombeo likivuma, na safari hii hakuwa peke yake, maana Paulina alijifunika khanga hadi kichwani.

"Hapumziki," alisema. "Mchungaji kaja, ndugu zake wamekuja, hapumziki. Naogopa, mwanangu. Lakini nikiacha kupanda ndiyo naogopa zaidi."

Gladness alilia pale pale, bila kujificha. Woga alikuwa nao, lakini kilichomliza ni aibu. Mtu waliyemcheka alikuwa bado yuko kazini.

Akavua viatu, akapanda ngazi ya dungu. Juu palikuwa na ubao uliolainika kwa kukaliwa, na kombeo limetundikwa kwenye mti.

"Shikamoo, baba," aliuambia ule ubao. "Mpango nauandika mimi. Kituo hakifungwi, na waamiaji ndege nawarudisha, wacheke wasicheke. Shuka ukapumzike."

Kisha ngazi ikalia, kidato kimoja, kidato kingine, taratibu, kama inavyolia mzee anaposhuka. Kule chini Paulina alisogea pembeni akapisha, akapiga goti kidogo kama anayemwamkia mtu.

Gladness akashusha pumzi. Moyo ulimtulia kwa mara ya kwanza tangu warsha ianze. Alikuwa hata hajakaa vizuri aliposikia mabawa. Kwelea kwelea walikuwa wanarudi, na safari hii hawakupinda. Walitua mtamani wote kwa mpigo, masuke yakainama, na ile mbegu pekee iliyobaki ikaanza kuliwa mbele ya macho yake.

Paulina aliokota debe akaanza kulipiga. Gladness akalitungua kombeo asilojua hata kulishika, akafungua kinywa, akapiga ukelele wa mzee: "Hooo! Hooo!"

Simu ilikuwa inaita mfukoni. Alijua ni Bushiri, anaitaka ile sentensi yake. Hakuwa na mkono wa kuipokea.